Tunabishana kuhusu SAT, tunasahau pasipoti

Chuo Kikuu cha Princeton kilipotangaza Oktoba 2025 kwamba kitarudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT, yaani mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, kuanzia msimu wa maombi wa 2027-28, habari hiyo iliingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Toronto, Ottawa, Hamilton na Edmonton kama taarifa ya msiba. MIT ilikuwa imetangulia mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zilitangaza hivyo hivyo mwaka 2024, na Cornell, Stanford na Penn (Chuo Kikuu cha Pennsylvania) nazo zikajiunga. Kati ya vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vya kale na mashuhuri vya Marekani, Columbia peke yake ndiyo iliyobaki na msimamo kwamba mwombaji akitaka alete alama za mtihani, asipotaka asilete. Wazazi wakahitimisha haraka: watoto wetu wanaosoma Kanada, ambako hakuna mwalimu anayefundisha SAT darasani, wamefungiwa mlango.

Hitimisho hilo si sahihi, na hasara yake ni kubwa, kwa sababu linawafanya wazazi wahangaike mwaka mzima na kizuizi kidogo huku vikubwa viwili vikiwasubiri mbele. Mtoto wa sekondari ya Kanada anayetaka chuo cha Marekani chenye mchujo mkali hakwamishwi na mtihani wa saa mbili na robo. Yanayoamua ni mawili: sera ya chuo kuhusu fedha za mwombaji wa kigeni, na pasipoti aliyonayo mtoto. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, zilizofika Kanada kutoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, Rwanda au Uganda, hilo la pili lina uzito ambao jirani yao aliyezaliwa Kanada, na wazazi wake wakazaliwa hapo hapo, hana haja hata ya kuliwaza.

Tuanze na mfumo wenyewe, maana hofu nyingi inatokana na kutoujua. Kanada haina mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Elimu ni mamlaka ya majimbo, na kila jimbo lina utaratibu wake. Alberta ina mitihani ya jimbo ya darasa la 12 inayobeba asilimia 30 ya alama ya somo. Quebec humaliza sekondari mwaka mmoja mapema, kisha kijana anaingia CEGEP, chuo cha kati kabla ya chuo kikuu, na kupimwa kwa kipimo chao cha R, kinachomlinganisha na wenzake. Ontario, ambako ndiko waliko wengi wetu, alama ya somo inatoka mikononi mwa mwalimu wa shule husika, na vyuo vikuu vya jimbo kwa kawaida vinatazama masomo sita bora ya darasa la 12. Utaratibu huu una huruma yake. Kijana aliyefika Kanada akiwa na miaka 14, Kiingereza bado kinamsumbua, anaweza kuharibu darasa la 9 na la 10 na bado akaingia chuo kizuri cha Ontario. Vyuo vya Marekani havisomi hivyo. Vinataka alama za miaka yote minne, darasa la 9 hadi la 12, pamoja na barua za walimu wawili, taarifa ya mshauri wa shule, insha, na maelezo ya kile kijana anachofanya nje ya darasa. Mzazi anayeanza kuulizia Marekani mtoto akiwa darasa la 12 anakuta nusu ya faili imeshaandikwa bila yeye kujua.

Sasa, faili hilo lina tatizo lililo wazi kwa yeyote anayelisoma akiwa kwenye ofisi ya chuo New Haven au Boston, Marekani. Asilimia 95 ya shule moja ya Scarborough si lazima iwe sawa na asilimia 95 ya shule ya binafsi iliyo umbali wa kilomita 20. Hata Wakanada wenyewe wanalijua hilo. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Waterloo, Ontario, kimekuwa na orodha yake ya ndani ya kurekebisha alama za waombaji kulingana na jinsi wahitimu wa shule fulani walivyofanya walipofika chuoni, na orodha hiyo ilipojulikana hadharani mwaka 2018 wazazi wa Ontario walizungumza kwa miezi. Ikiwa chuo kilichoko ndani ya jimbo hilo hilo kinahisi haja ya kusahihisha alama, afisa wa udahili wa Marekani anayesoma faili kutoka shule ambayo haijawahi kumpelekea mwanafunzi ataziamini kwa kiasi gani? Hapo ndipo SAT inapomsaidia mtoto wetu. Inamwambia msomaji wa mbali kwamba huyu kijana wa shule usiyoijua, mwenye barua iliyoandikwa na mshauri anayehudumia mamia ya wanafunzi, anajua hesabu na anasoma kwa ufahamu.

Wanaopinga mtihani wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni upatikanaji. Vituo vya SAT Kanada ni vichache, nafasi hujaa mapema, na kijana wa mji mdogo huweza kulazimika kusafiri hadi mji mwingine na kulala huko. Msamaha wa ada ya mtihani umewekwa kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini walioko Marekani, hivyo mtoto wa Mkongo wa Windsor, anayeweza kuiona Detroit kwa macho, analipa ada kamili. Ya pili ni biashara ya masomo ya ziada: wenye uwezo hununua mwalimu wa kumnoa mtoto miezi sita. Sizipuuzi hoja hizi. Lakini ukiziweka kwenye mizani, zinahesabu gharama ya mtihani na kusahau gharama ya kutokuwa nao. Mtihani unapokuwa hiari, kinachopanda thamani ni vile vitu ambavyo fedha huvinunua vizuri zaidi: kambi za utafiti za kiangazi, mshauri binafsi wa insha, michezo ya gharama. Dartmouth ilipowapa wahadhiri wake wanne kazi ya kulichunguza suala hili kabla ya uamuzi wa 2024, waligundua kwamba baadhi ya waombaji kutoka familia za hali ya chini walificha alama ambazo zingewasaidia, wakidhani ni ndogo. Alama ya 1400 kati ya 1600 kutoka shule yenye shida ilikuwa na maana tofauti na 1400 ya shule ya matajiri, na maafisa walikuwa tayari kuisoma hivyo kama wangeiona.

Mtihani wenyewe si mlima. Kwa wanafunzi walio nje ya Marekani umekuwa wa kidijitali tangu Machi 2023, na ndani ya programu yake kuna kikokotoo cha grafu ambacho watoto wa Ontario wamekizoea tangu darasa la 9. Hesabu zake ni aljebra, kazi za kihisabati (functions), takwimu na trigonometria kidogo. Kijana aliyemaliza hesabu za darasa la 11 ameshakutana na karibu yote. Khan Academy hutoa mazoezi bure. Yale ilipotangaza kurudisha mitihani, iliruhusu hata matokeo ya mitihani ya AP au IB, ya masomo ya juu ya sekondari, yachukue nafasi ya SAT. Na kwa anayeamini kwamba kuondoa mtihani kunafungua mlango, kuna mfano hai: vyuo vya Chuo Kikuu cha California, zikiwamo Berkeley na UCLA, havitazami SAT kabisa. Mtoto wa Kanada anakaribishwa kuomba bila mtihani wowote. Akikubaliwa, anapelekewa ankara ya mwanafunzi wa kigeni inayozidi dola 75,000 za Marekani kwa mwaka, na hana haki ya msaada unaotolewa kwa kuangalia hali ya familia.

Hiyo ankara ndiyo kizuizi cha kwanza cha kweli. Gharama zote za Harvard kwa mwaka wa masomo 2025-26, ada, bweni na chakula, ni dola 86,926 za Marekani, yaani karibu dola 120,000 za Kanada. Chuo Kikuu cha Toronto kinamtoza mkazi wa Ontario anayesoma sanaa au sayansi karibu dola 6,000 za Kanada kwa ada ya mwaka, maana serikali ya jimbo ilishusha ada kwa asilimia 10 mwaka 2019 na kuizuia isipande kwa miaka kadhaa. Mzazi akiziona tarakimu hizo mbili pamoja, anafunga kompyuta. Anafanya kosa, kwa sababu vyuo vya Marekani havifanani hata kidogo katika jambo hili, na tofauti iliyopo kati yao ni kubwa kuliko tofauti ya majina yao.

Kuna vyuo vichache visivyotazama mfuko wa mwombaji, hata akiwa raia wa nchi gani, wakati wa kuamua kama anakubaliwa, na vinavyoahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamekuwa kwenye kundi hilo kwa muda mrefu. Dartmouth na Bowdoin ziliingia mwaka 2022, na Brown ilifuata kwa walioanza masomo mwaka 2025. Harvard ilitangaza Machi 2025 kwamba familia yenye kipato cha dola 100,000 za Marekani au chini yake, na mali za kawaida, haitalipa kitu. Kwa dola ya Kanada ilivyo, hiyo ni familia inayoingiza hadi karibu dola 138,000 za Kanada kwa mwaka. Baba dereva wa lori na mama anayehudumia wazee kwenye nyumba ya uangalizi wako ndani ya mstari huo. Kwa familia kama hiyo, mtoto akikubaliwa, Harvard itakuwa nafuu kuliko kumlipia bweni na chakula Toronto au Waterloo, ambako vitu hivyo viwili vinaweza kuzidi dola 15,000 kwa mwaka.

Nje ya kundi hilo mambo hubadilika. Stanford, Columbia, Cornell, Duke na Chicago ni vyuo vikubwa kwa kila kipimo, lakini kwa mwombaji wa kigeni vinatazama mfuko: kuomba msaada mkubwa kunaweza kukushusha mbele ya mwombaji mwenye faili kama lako asiyehitaji senti. Wapo wanaoshauriwa na watu wa mitaani waandike kwamba hawahitaji msaada, waingie kwanza, halafu waombe baadaye. Ni ushauri mbaya sana. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni aliyeingia hivyo kuomba msaada katika miaka inayofuata, na familia hujikuta na deni ambalo mshahara wa Kanada hauwezi kulibeba. Penn ni mfano tofauti: inawatazama raia wa Kanada na wa Mexico kwa utaratibu ule ule usiotazama mfuko inaoutumia kwa Wamarekani. Hilo halimhusu kila anayesoma Kanada, kwa hiyo masharti yake yasomwe vizuri.

Kabla sijafika kwenye uraia, niseme kuhusu fomu ya msaada, kwa sababu hapo ndipo familia zetu zinapoumia kimyakimya. Karibu vyuo vyote hivi hutumia fomu iitwayo CSS Profile. Niliwahi kukaa na mama mmoja mezani kwake jioni moja kuijaza, T4 zake mbili, yaani hati za mshahara za mwajiri, mbele yake pamoja na hati ya tathmini ya kodi. Fomu iliuliza thamani ya nyumba, akiba ya kustaafu, magari, mali iliyoko nchi nyingine, na kipato cha baba wa mtoto ambaye hawaishi pamoja. Haikuwa na kisanduku kilichouliza waziwazi kile kilichokuwa kinamaliza mshahara wake: dola 400 alizokuwa akituma Bukavu kila mwezi kwa wazazi wake na kwa ada ya wadogo zake. Fomu ilimhesabu kama mtu mwenye dola 400 zaidi ya alizokuwa nazo. Dawa ipo. Kuna sehemu ya maelezo maalumu mwishoni, na ofisi ya msaada ya chuo hupokea barua yenye risiti za kutuma fedha. Lakini lazima mtu ajue kwamba anaruhusiwa kusema. Watu wetu wamelelewa kutotangaza wanavyowatunza wazazi wao, na katika suala hili ukimya huo unamgharimu mtoto maelfu ya dola.

Sasa pasipoti. Raia wa Kanada anayekwenda kusoma Marekani hahitaji viza. Chuo kinampa fomu ya I-20 ya kuthibitisha amekubaliwa, analipa dola 350 za ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, anafika uwanja wa Pearson au daraja la Windsor na pasipoti yake, anaonyesha karatasi zake kwa afisa wa mpaka wa Marekani, anaingia. Rafiki yake wa darasa moja, mwenye alama zile zile, aliyeishi Kanada miaka minane kwa kadi ya ukaazi wa kudumu na pasipoti ya nchi nyingine, hana msamaha huo. Anatakiwa kuomba viza ya mwanafunzi, F-1, na kufanyiwa usaili kwenye ubalozi mdogo, na hati ya kusafiria ya mkimbizi nayo haimwondolei sharti hilo. Mwaka 2025 usaili wa viza za wanafunzi ulisimamishwa duniani kote kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, wakati ule ule waliokubaliwa Machi walipokuwa wakitafuta tarehe.

Kisha kukaja marufuku. Tangazo la Rais wa Marekani la Juni 2025 liliifungia Somalia kwa jumla, na likasimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Tangazo la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu, viza za F zikiwamo, kuanzia Januari 1, 2026. Wakongo wengi walishtuka bure, kwa sababu Kongo iliyotajwa mwezi Juni ni ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Lakini kijana Mtanzania au Mrundi wa Calgary, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, aliyepata 1540 kwenye SAT na kukubaliwa Princeton kwa ufadhili kamili, anaweza kukwama kwa sababu ya rangi ya kitabu kilichomo mfukoni. Mwenzake aliyezaliwa Bujumbura siku ile ile lakini akasafiri kwa pasipoti ya Kanada hakwami, kwani matangazo hayo yanamwacha mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha. Ukilinganisha hali hiyo na malalamiko kuhusu SAT, utaona kwa nini nasema tumetazama kusiko.

Hapa kuna ugumu ambao Mkanada wa kawaida hauoni, na ni lazima tuuzungumze bila kuwalaumu wazazi. Mkenya, Mrwanda, Mganda na Mrundi anaweza kuchukua uraia wa Kanada na kubaki na wa kwao. Mtanzania mtu mzima hawezi. Sheria ya Tanzania inamvua uraia wake akichukua mwingine, na Kongo nayo kisheria haitambui uraia wa pili. Kwa hiyo baba Mtanzania aliyekaa Brampton miaka kumi bila kuomba uraia si mzembe. Ana kiwanja Kibaha, ana mama Tanga, ana ndoto ya kurudi, na anaona kuapa mbele ya hakimu wa Kanada ni kukata kamba. Utaratibu wa Hadhi Maalumu ambao Tanzania imeuweka kwa wanadiaspora umepunguza uchungu kidogo kwa upande wa kuingia nchini na ardhi, lakini haurudishi uraia. Namheshimu baba huyo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wake una bei, na bei hiyo analipa mtoto. Isitoshe, sheria ya Tanzania inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili hadi afikishe miaka 18, kwa hiyo suala la mtoto linaweza kutenganishwa na la baba mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Kuna wanaosema, na wana sababu, kwamba kwa hali ilivyo afadhali kuachana na Marekani kabisa. Mei 22, 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kuifutia Harvard kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, na jaji wa shirikisho aliuzuia uamuzi huo siku iliyofuata. Binti wa Waziri Mkuu wa Kanada, Mark Carney, alikuwa mwanafunzi huko wakati huo, na Carney mwenyewe alisoma uchumi Harvard. Hata hivyo jina kubwa la familia lisingemwondolea mtu wasiwasi ule. Hoja hii naipa uzito wake wote. Mwanafunzi wa kigeni Marekani leo anasoma chini ya sheria zinazoweza kubadilika katikati ya muhula. Hata hivyo si wote wanaobeba hatari hiyo kwa kiasi kimoja. Raia wa Kanada ana pa kurudi palipo saa chache kwa basi, na akihitimu ana njia ya kibali cha TN chini ya mkataba wa biashara wa nchi tatu, kinachomwezesha mhandisi, muuguzi au mhasibu kufanya kazi Marekani bila kupitia bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B. Kibali hicho ni cha raia tu. Mara nyingine tena, swali linarudi kwenye pasipoti.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: omba vyuo 20, kimoja kitakubali. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, inaruhusu vyuo 20, na ndiyo maana namba hiyo imekuwa kama sunna. Wanaoitetea wanapiga hesabu ya kete: kila chuo kinakubali asilimia nne, basi ukitupa mara ishirini lazima moja ianguke vizuri. Hata kama kila chuo kingetupa kete yake peke yake, nafasi ya kupata angalau kimoja ingezidi nusu kidogo tu, na havitupi hivyo. Vyuo vyote vinasoma faili lile lile, lenye barua zile zile na upungufu ule ule, na kilichokifanya chuo kimoja kisite kitavifanya vingine kumi visite. Wakati huo huo kila ombi kwa kawaida linadai ada ya dola 75 hadi 100 za Marekani na insha zake za ziada, na insha ya kumi na tano ya kijana wa miaka 17, iliyoandikwa Desemba 30 saa nane usiku huku ana mitihani ya muhula Januari, inajionyesha. Zaidi ya hapo, kati ya vyuo hivyo 20, labda 12 ni vile vinavyotazama mfuko. Familia ya kipato cha kawaida inalipa ada za maombi kwa vyuo ambavyo visingeweza kumchukua mtoto wao bila kumtwisha deni. Orodha ya vyuo sita au saba, iliyochaguliwa kwa sera ya fedha kwanza na jina baadaye, ina nguvu zaidi.

Swali kama Marekani yenyewe inastahili taabu hii linahitaji jibu la heshima pia. Utafiti wa wachumi Chetty, Deming na Friedman wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kusoma kwenye vyuo hivyo, ukilinganisha na chuo kizuri cha umma, hakubadilishi sana mapato ya wastani, ingawa kunaongeza nafasi ya kufika kwenye ngazi za juu kabisa. Mtoto anayetaka uhandisi na amekubaliwa Waterloo hajapoteza chochote cha kulilia. Kanada ina fedha zake pia: tuzo ya Loran, na ufadhili wa Schulich kwa sayansi na hesabu, ambazo kila moja inafikia dola 100,000 au zaidi, na ni watoto wachache mno wa jamii yetu wanaoziomba kwa sababu hakuna anayewaambia Septemba ya darasa la 12. Faida kubwa ya Marekani, kwa maoni yangu, iko mahali pengine. Ontario inamtaka kijana wa miaka 17 achague programu moja na kuingia nayo. Chuo cha Marekani kinampa mwaka mmoja au miwili ya kuonja kabla ya kuamua. Kwa mtoto wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, ambaye nyumbani anajua fani tatu tu, udaktari, uhandisi na sheria, nafasi hiyo ya kuonja ni mali kubwa.

Kinachofuata kutoka kwenye haya yote ni mpangilio tofauti wa kazi. Darasa la 9, alama zinaanza kuhesabiwa, na wazazi wa mtoto aliyefika karibuni wanapaswa kumwambia mshauri wa shule mapema kwamba Marekani inafikiriwa, ili taarifa ya shule ieleze wazi kwamba alama za mwaka wa kwanza ni za mtoto aliyekuwa anajifunza lugha. Darasa la 10, familia ikae na kikokotoo cha gharama cha kila chuo, kipo kwenye tovuti zao, na iingize tarakimu za kweli. Darasa la 11, SAT, mara moja au mbili. Jumuiya zetu, za Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, zinazoweza kujaza ukumbi kwa sherehe ya uhuru, zina nguvu ya kuiomba bodi ya shule ifungue kituo cha SAT kwenye shule zenye watoto wengi wa wahamiaji. Bodi hujibu wazazi wanapokuja wengi.

Na uraia uanze kabla ya hayo yote. Mtu mzima anatakiwa awe amekaa Kanada siku 1,095 ndani ya miaka mitano kabla ya kuomba. Mtoto aliye chini ya miaka 18 ambaye mzazi wake ni raia, au anaomba pamoja naye, hahitaji kutimiza siku hizo. Maombi huchukua miezi mingi, hivyo familia inayoanza mtoto akiwa darasa la 12 imechelewa kwa ajili ya safari ya Agosti. Ada ya mtu mzima imezidi dola 600, nayo inauma kwa nyumba yenye watu watano. Ya mtoto ni dola 100 za Kanada, na ni chini ya gharama ya kufanya SAT mara moja.